Mshindani na Msafiri: Kumsoma Tim Krabbé kwa Kilomita 300

Kuna vitabu ambavyo mtu akikuuliza kama unavipenda, unajibu "ndiyo" na hapo hapo "lakini" inafuata. Kwangu mimi De Renner cha Tim Krabbé kinaongoza orodha hiyo. Kilitoka mwaka 1978 kwa Kiholanzi, Sam Garrett akakitafsiri kwa Kiingereza mwaka 2002 kwa jina la The Rider, na leo ukikaa na waendesha baiskeli wanaopenda kusoma, haipiti nusu saa kabla hakijatajwa. Wengi watakwambia ndicho kitabu bora cha baiskeli kilichowahi kuandikwa. Sibishi. Nimekisoma mara tatu, na mara ya tatu ilikuwa katikati ya mazoezi ya safari ya kilomita 300. Usomaji huo wa tatu ndio ulionigombanisha na mwandishi.

Kwa ambao hamjakutana nacho: ni kitabu kifupi, unakimaliza kwa jioni mbili. Kinasimulia mashindano ya siku moja tu, Tour du Mont Aigoual, tarehe 26 Juni 1977, katika milima ya Cévennes kusini mwa Ufaransa. Mbio zinaanzia na kuishia kwenye mji mdogo wa Meyrueis, na umbali wake ni kilomita 137. Krabbé mwenyewe ndiye msimulizi na ndiye mshindani. Si mlipwa. Ni mwandishi na mchezaji hodari wa sataranji aliyeanza kushindana kwa baiskeli akiwa mtu mzima, umri ambao wenzake walikuwa wanafikiria kustaafu. (Wapenzi wa sinema huenda mnamfahamu kwa riwaya yake nyingine, Het Gouden Ei ya 1984, iliyozaa filamu ya Spoorloos.) Kitabu hakina sura za kawaida. Kinagawanywa kwa kilomita: kilomita hii hadi ile, halafu ile hadi nyingine, mpaka mstari wa mwisho. Msomaji anakokotwa nao.

Na jamaa anajua kuandika, hilo tusipotezeane muda. Anajua kwamba akili ya mtu aliye juu ya baiskeli husinyaa kadiri anavyojituma, hadi inabaki na neno moja au namba moja inayojirudia kama kanda mbovu. Anajua kuhesabu kama mcheza sataranji: nani ana nguvu, nani anajifanya hana, nani atashambulia wapi. Ana kile kisa kitamu cha Jacques Anquetil, bingwa mara tano wa Tour de France, ambaye inasemekana kila akifika mlimani alitoa chupa ya maji kwenye baiskeli na kuiweka mfukoni mgongoni, ili baiskeli iwe nyepesi. Ukipima kwenye mizani, uzito ni ule ule, maana mtu na baiskeli wanapanda pamoja. Lakini Krabbé hamcheki. Anatuonyesha kwamba mtu anayepanda mlima hapandi kwa fizikia peke yake, anapanda pia kwa imani. Ukurasa ule mmoja una thamani kuliko vitabu vizima vya wakufunzi.

Sasa "lakini" yangu. Iko ukurasa wa kwanza kabisa. Krabbé anaunganisha baiskeli yake pale Meyrueis, anatazama watu waliokaa kwenye migahawa, watalii na wenyeji, watu wasioshindana. Na anachokihisi juu yao ni mshtuko: maisha yao anayaona matupu. Mashabiki wa kitabu wanaupenda mno mstari huo, wengine wanauvaa kwenye fulana. Mimi mara ya kwanza niliupenda pia, kwa sababu ni mstari wa kijeuri, na ujeuri ukiandikwa vizuri unavutia. Swali langu ni hili: je, ni kweli? Yaani taabu ya hiari inampa mtu ujazo fulani ambao aliyekaa na kikombe chake cha kahawa hana?

Si swali la Krabbé peke yake. Fasihi ya baiskeli ya Ulaya imelibeba tangu mwanzo. Mwaka 1902 Alfred Jarry aliandika Le Surmâle, riwaya ambamo baiskeli moja ya watu watano inashindana na treni kwa maili 10,000, na mmoja wa wale watano anakufa njiani lakini miguu yake inaendelea kukanyaga pedali. Jarry alikuwa anafanya dhihaka. Waliomfuata wengi hawakucheka. Mwaka 1924 mwandishi wa habari Albert Londres alifuatana na Tour de France, akakaa na akina Pélissier waliojitoa mashindanoni kwa hasira, na ripoti zake baadaye zikakusanywa kwa jina la Les Forçats de la route, yaani wafungwa wa kazi ngumu wa barabarani. Mwaka 1957 Roland Barthes, katika Mythologies, akaisoma Tour kama utenzi mkuu wa mashujaa, na mlima Ventoux akauona kama mungu mwovu anayedai kafara. Miaka kumi baadaye, Julai 1967, Tom Simpson wa Uingereza akafia kwenye mlima huo huo, na sitiari ya Barthes ikawa na kaburi. Krabbé anaandika akiwa ndani ya mkondo huo. Kwake asili ni kama bibi kizee ambaye wachumba wamemkimbia, na anayekubali kuteseka mikononi mwake hulipwa kwa ukarimu. Mateso ndiyo sarafu.

Niwaeleze sasa nilikuwa nafanya nini na kitabu hiki, maana ugomvi wenyewe ulizaliwa barabarani.

Brevet ni safari ndefu ya baiskeli ya watu wa ridhaa. Unapewa kadi, unapewa njia, unapewa muda. Kilomita 200 unatakiwa kuzimaliza ndani ya saa 13 na nusu, 300 ndani ya saa 20, 400 ndani ya saa 27, 600 ndani ya saa 40. Njiani kuna vituo ambapo kadi yako inapigwa muhuri. Ukimaliza zote nne katika mwaka mmoja, unafuzu kwenda kwenye mama yao wote, Paris-Brest-Paris, ambayo hufanyika kila baada ya miaka minne: kilomita 1,200 hivi kutoka karibu na Paris hadi bandari ya Brest na kurudi, muda wa juu kabisa saa 90. Ilianza mwaka 1891 kama mashindano hasa, na Charles Terront alishinda kwa saa 71 na dakika 22 bila kulala kwa maana ya kulala. Siku hizi hakuna mshindi. Ukifika ndani ya muda, umefika. Aliyefika saa ya 50 na aliyefika saa ya 89 wote wamefanya jambo moja.

Mimi naishi Uholanzi, nchi ya Krabbé, na brevet yangu ya 300 ilianzia Arnhem. Inafuata tuta la mto IJssel kupita Zutphen na Deventer hadi Kampen, kisha Urk, kisha Lemmer kwenye ukingo wa ziwa, halafu inarudi kupitia Zwolle na misitu ya Veluwe. Milima hakuna. Kuna upepo. Kati ya Kampen na Lemmer unavuka ardhi iliyokuwa chini ya maji hadi miaka ya 1940, na Urk kwenyewe kulikuwa kisiwa hadi 1939. Barabara imenyooka kama rula, mti mmoja mmoja, na pepo za mbisho zinakuja usoni kana kwamba bahari bado haijakubali kwamba imefukuzwa.

Kujiandaa kwa safari kama hii si kujitesa, na hapo ndipo nilipoanza kumtazama Krabbé kwa jicho la pembeni. Mazoezi ya umbali mrefu, kwa sehemu kubwa, ni kwenda polepole kwa makusudi. Unaendesha kwa mwendo ambao unaweza kuongea sentensi nzima bila kuhema. Sababu yake ni ya kimwili: akiba ya sukari iliyo kwenye misuli na ini haitoshi zaidi ya saa chache za kazi nzito, ila mafuta mwilini yapo mengi, na mwili huyatumia vizuri ukiwa kwenye mwendo wa wastani. Kwa hiyo unaufundisha mwili kuwa mchumi. Unakula kabla hujasikia njaa, unakunywa kabla hujasikia kiu. Wiki baada ya wiki, saa nne, saa sita, saa nane. Hakuna kilele wala shambulizi, na hakuna wa kumtazama kwa chuki. Ukiona umeanza kuteseka sana, maana yake umeharibu hesabu mahali fulani. Kwa mshindani wa Krabbé maumivu ni ushahidi kwamba yuko kazini. Kwa mtu wa brevet maumivu ni taarifa tu, kama taa ya mafuta kwenye dashibodi.

Na hapa lugha ina neno la kusema. Renner kwa Kiholanzi ni mtu anayeshindana. Mtu anayekwenda sokoni na baiskeli haitwi renner. Kiingereza kilipoandika The Rider kilipanua mlango, akaingia kila mwenye baiskeli. Ningeulizwa jina la Kiswahili, ningesema Mshindani, kwa sababu ndilo linalobeba kiburi cha ukurasa ule wa kwanza. Wafaransa wa brevet wao hujiita randonneurs, na neno hilo ningelitafsiri bila kusita: wasafiri. Mshindani na msafiri wanaweza kupita barabara moja, kwa baiskeli moja, siku moja, na bado wakawa kwenye hadithi mbili tofauti.

Tofauti yao ya kwanza ni nani yuko nyuma ya nani. Katika De Renner mtu anayejibanza nyuma ya mwenzake, akikingwa upepo bila kushika zamu mbele, ni mwizi. Kijana Reilhan anachukiwa na msimulizi kwa kurasa nyingi kwa kosa hilo. Kwenye tuta la IJssel, tulikuwa watu wanne tusiofahamiana. Mzee mmoja alikuwa amechoka kuliko sisi. Alikaa nyuma kwa kilomita arobaini nzima, hakushika zamu hata moja, na hakuna aliyegeuza shingo. Tulipofika kituoni akatununulia supu. Kitendo ni kile kile alichokifanya Reilhan. Kilichobadilika ni hadithi, na kwenye hadithi yetu hakuna kitu cha kuibiwa.

Tofauti ya pili ndiyo inayonigusa zaidi: watu waliokaa. Pale Lemmer kadi yangu ilipigwa muhuri na mama mmoja wa mgahawa, mtu wa umri wa kuitwa bibi, aliyekuwa amevaa aproni na anasikiliza redio. Alitazama kadi, akatazama saa, akanijazia chupa zote mbili kabla sijaomba. Kwa mujibu wa ukurasa wa kwanza wa Krabbé, huyu ni mmoja wa wale watupu. Lakini safari nzima ya brevet imeegemea kwa watu kama yeye. Waliowahi kwenda Paris-Brest-Paris wote wanasimulia jambo moja: vijiji vya Brittany, meza nje ya nyumba usiku wa manane, kahawa, maji, watoto wanaoamka kukupigia makofi. Ukiwatoa hao, hakuna anayefika Brest. Mshindani anawaona kama mandhari. Kwa msafiri, wao ndio barabara yenyewe.

Msomaji wa Kiswahili hapaswi kushangaa, kwa sababu sisi tuna namna ya zamani ya kusimulia mwendo mrefu. Fungua Safari za Wasuaheli, mkusanyo uliotolewa na Carl Velten mwaka 1901. Humo Sleman bin Mwenye Chande anasimulia safari ya bara, na Salim bin Abakari anasimulia safari ya Urusi na Siberia. Ndiyo, ni maandishi yaliyokusanywa na Mjerumani kwa mahitaji ya Wajerumani, na tunapaswa kuyasoma tukikumbuka hivyo. Lakini tazama usimulizi wenyewe. Tulitoka hapa tukafika pale. Tulilala. Tulitoa hongo. Watu wa huko wanakula hiki, nyumba zao ziko hivi. Njaa ikiwepo inasemwa, baridi ikiwepo inasemwa, na msimulizi anaendelea na njia. Haweki kambi ndani ya maumivu yake. Anayechukua nafasi kubwa ni mwenyeji. Kwa maneno mengine, ni masimulizi ya vituo na mihuri. Kadi yangu ya brevet, na mihuri yake, iko karibu zaidi na Sleman kuliko na Krabbé.

Hata methali yetu imeshachagua upande. Mchumia juani hulia kivulini. Jua lipo na halikwepeki, lakini sentensi inaishia kivulini. Krabbé angeishia juani, na angewaonea huruma walio kivulini.

Kuna mtu mmoja nilitaka kusikia anasemaje, naye ni mjomba wangu wa Shinyanga. Kwa miaka mingi alipakia mkaa kwenye keria ya Phoenix, gunia mbili, wakati mwingine tatu, kutoka porini hadi mjini, akitoka usiku ili afike kabla ya jua kali. Nilimpigia wiki ya brevet.

"Shikamoo mjomba."

"Marahaba mwanangu. Nasikia umekuwa mtu wa baiskeli."

Nikamweleza: kilomita 300, saa 20, mihuri.

"Haya. Na unabeba nini?"

"Sibebi kitu, mjomba. Maji na chakula tu."

"Ukifika huko unashusha nini?"

"Sifiki huko. Narudi pale pale nilipoanzia."

Akanyamaza kidogo, halafu akacheka mpaka akakohoa. "Basi kula vizuri. Na usiwapite watu bila kuwasalimia."

Mtu anaweza kusema mazungumzo haya yanauua mchezo wote: kama aliyebeba mkaa miaka ishirini hajawahi kuitwa mstahimilivu na gazeti lolote, basi sisi wa kadi na mihuri tunafanya maigizo. Sikubali haraka hivyo. Mjomba hakunidharau. Alicheka, kisha akanipa mashauri mawili ya kiufundi ambayo ni bora kuliko mengi niliyosoma. Alichokikataa, bila hata kukitaja, ni ile daraja ambayo Krabbé anaijenga ukurasa wa kwanza: kwamba taabu humpandisha mtu juu ya wengine. Mjomba amepata taabu ya baiskeli kuliko washindani wote wa Mont Aigoual wakijumlishwa, na haijampa mamlaka ya kumwona mtu yeyote mtupu. Kama taabu ingekuwa inajaza watu kwa namna ile, Shinyanga kungejaa manabii.

Niwe mwadilifu kwa Krabbé, maana mhakiki akipenda ubishi anaweza kusahau kusoma. Kitabu chenyewe kinajua zaidi ya ukurasa wake wa kwanza. Msimulizi hashindi. (Samahani kama nimewaharibia uhondo, lakini kitabu kina umri wa kunizidi.) Anajituma, anahesabu vizuri, anateseka kama alivyoahidi, na dunia haimlipi. Bibi kizee wa asili anapokea mateso yake na kumpa mwingine ushindi. Nikisoma kurasa za mwisho sioni mtu aliyejaa na watu watupu wamemzunguka. Namwona mwanamume aliyechoka mwenye maelezo mengi, katika mji mdogo ambapo wale waliokaa kahawani asubuhi bado wapo. Krabbé ni mwandishi mwaminifu mno kuficha hilo. Kejeli ya kitabu iko hapo: kiburi cha mwanzo kinatembezwa kilomita 137 na kurudishwa pale pale kilipoanzia, hakijabeba kitu. Mjomba angemwuliza swali lile lile.

Kwa hiyo ugomvi wangu hasa ni na fulana. Mashabiki wamechukua sentensi ya mtu anayekaribia kushindwa wakaifanya kauli mbiu ya washindi. Wameusoma mwanzo kama hukumu, wakati ni dalili ya ugonjwa ambao kitabu kizima kinauchunguza.

Bado De Renner kina upungufu mmoja ambao siwezi kuusamehe kwa kejeli: hakijawahi kumpa mtu wa kahawani sauti. Katika kurasa zote zile hakuna anayeulizwa anawaonaje hawa wanaume wenye miguu iliyonyolewa wanaopita wakihema. Kitabu cha msafiri kingeuliza. Kitabu hicho cha umbali mrefu, chenye mihuri, supu, upepo wa polder na mama wa Lemmer, bado sijakisoma kwa lugha yoyote, na kwa urithi wetu wa kusimulia njia kwa vituo vyake sioni kwa nini kisiandikwe kwa Kiswahili.

Kabla hakijaandikwa, msomeni Krabbé. Someni kwa mwendo wa mazoezi, polepole, mkila kabla ya njaa. Na mkifika kwenye ule mstari maarufu wa ukurasa wa kwanza, wasalimieni waliokaa.